Masharubu ya Baba kwenye Kadi ya Délestage

Likasi, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mshauri Maman Élisabeth, naomba msaada wako, na kabla sijaendelea naahidi kukueleza mambo yote, yale yanayonifanya nicheke peke yangu nikiwa naosha vyombo na yale yanayonifanya nijifunike uso kwa shuka, kwa sababu Sœur Hélène, mwalimu wetu, husema kwamba anayemficha daktari kidonda hupewa dawa ya kikohozi.

Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa humanités, yaani sekondari, nakaa Kikula na wazazi wangu. Tafadhali usitaje jina langu redioni. Kipindi chako tunakisikiliza sote nyumbani kila umeme ukiwepo, na mama, ambaye ni mshonaji, husimamisha cherehani ili akusikie vizuri.

Maman, mimi nimependa. Usishtuke, si mvulana. Nimependa infographie, ile kazi ya kupanga maandishi na picha kwenye kompyuta mpaka vikae pamoja kama watu wa nyumba moja!

Ilianza mwezi wa pili, mama aliponituma kwa Ya Mamie, dada mmoja wa mtaa wetu mwenye secrétariat public karibu na soko, pale watu wanapopeleka barua zichapwe, kalenda zitengenezwe na fulana za matanga ziwekwe picha ya marehemu. Nilikwenda kuchukua kadi za mwaliko wa harusi ya binamu yangu, nikakuta hazijaisha, nikakaa kumngoja, ndipo nikamwona Ya Mamie anashika jina la bibi harusi kwa kipanya chake na kulisogeza, kidogo tu, kama upana wa uzi, na kadi nzima ikatulia, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana akavaa ndala.

Nikapiga kelele, "Ya Mamie, umefanya nini hapo?"

"Sikufanya kintu. Nilipa tu jina fasi ya kupumua." Akanigeukia. "Mbona unauliza? Uliona?"

"Niliona!"

"Batu wote banaingia hapa, hakuna mwenye anaonaka. Basi weye iko na ile ugonjwa. Kuya kesho kisha masomo."

Nikaja kesho, na kesho yake, mama akaruhusu kwa sababu Ya Mamie anasali vizuri na ana mlango wa kioo, na tangu siku hiyo sina amani kabisa, lakini kukosa amani huko ni kutamu. Naona herufi kila mahali. Naona kibao cha kinyozi ambacho herufi zake zinakanyagana, naona bango la famasi lenye aina tano za maandishi kama watu watano wanaogombea redio moja, na Jumapili moja nilishindwa kusali kabisa kwa sababu ya kitambaa kilichotundikwa juu ya altare, ambacho neno lake KARIBUNI lilianza kwa nafasi kubwa na kumalizikia limebanwa ukingoni kama abiria wa mwisho. Nilimwungamia padre jambo hilo. Akaniuliza kama kinaweza kurekebishwa kabla ya Pasaka. Tulikirekebisha, Ya Mamie na mimi, na siku ya Pasaka nililia wakati wa Gloria na watu wakadhani ni ibada.

Sasa nije kwenye mchezo. Maman, wewe unajua jinsi tunavyofanya umeme unaporudi, jinsi mtaa mzima unavyopiga kelele kwa pamoja, "Courant!", wazee na watoto, hata walio bafuni. Siku moja nilisikia kelele hiyo nikafikiri, huu ni mchezo tayari, umekosa ubao tu. Tunacheza ludo toka utotoni na ludo haijui lolote juu yetu. Basi nikabuni mchezo wangu wa ubao, unaitwa COURANT. Unaanzia pembeni, kwenye bwawa la Mwadingusha, unatupa dadu, unapeleka umeme kwako nguzo kwa nguzo, na ukifika uwani unawasha vitu vyako kimoja kimoja: taa, pasi, friji ya kugandishia maji ya kuuza, mashine ya kuchomelea vyuma. Lakini njiani kuna kadi. Ukivuta kadi ya Délestage, yaani mgao wa umeme, kila kitu kwako kinazima. Ukivuta kadi ya Courant, kinarudi, na wachezaji wote wanapaswa kupiga kelele, na wa mwisho kupiga kelele anarudi nguzo mbili nyuma. Mama anasema sheria hiyo itatufukuzisha nyumba.

Ya Mamie alinifundisha kuutengeneza. Ubao wa kwanza ulikuwa msiba, kwa sababu niliupamba mpaka ukingoni kabisa bila kuacha rangi ya ziada nje ya mstari wa kukatia, na kisu kilipopita kikaondoka na nusu ya bwawa. Ya Mamie akasema, "Kisu haina huruma, mutoto. Weye njo unapashwa kuwa na akili pa fasi yake." Nikaupanga upya. Ubao wa pili ulikuwa mzuri mpaka nikalala nao chumbani, umeegemea ukuta ili niuone nikiamka: mchezaji mmoja rangi nyekundu kama udongo wetu, wa pili kahawia, wa tatu kijani cha jiwe la malakiti, wa nne buluu, na kadi ya Délestage nyeusi tupu, bila neno hata moja, kwa sababu nilifikiri giza halihitaji maelezo. Nilijiona nina akili sana.

Tukaujaribu uwani kwetu, mimi na rafiki yangu Jenny na mama na Papa Alphonse, jirani yetu fundi wa kuchomelea, ambaye umeme ukikatika ndiye hupata hasara na hasira kuliko wote. Tulianza saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili na nusu, umeme ukakatika, umeme wa kweli. Tukacheka, tukawasha mshumaa, tukaendelea. Na hapo, Maman, ndipo nilipoona kosa langu, kosa ambalo nadhani halijafanywa na mtu mwingine duniani. Nilikuwa nimetengeneza mchezo wa kukatika umeme, mchezo ambao watu wataucheza hasa umeme unapokatika, na nilikuwa nimechagua rangi zake mbele ya kioo cha kompyuta kinachong'aa! Kwenye mwanga wa mshumaa nyekundu ikawa kahawia, kahawia ikawa kahawia zaidi, kijani na buluu zikawa mtu na pacha wake, na kadi zote zikawa nyeusi, kwa hiyo zote zikawa Délestage.

Papa Alphonse alikuwa amewasha mashine ya Jenny akidhani ni yake. "Ni yangu hii!" "Hapana, Papa, ni yangu, yako iko kule!" "Kule wapi? Minye naona tu bantu bane ba rangi moja!" Mama alicheka mpaka akashikilia meza, na mshumaa ukaanguka kwenye bwawa.

Nililala na huzuni, lakini asubuhi nilipoingia chumba cha kushonea nikaona mabaki ya vitambaa vya pagne, yaani vitenge, sakafuni, na bado hakukuwa na umeme, na katika lile giza la asubuhi niliweza kujua kila pagne ni ipi, si kwa rangi, kwa michoro yake: hii mistari, hii madoa, hii magamba ya samaki, hii majani. Nilikimbia kwa Ya Mamie bila kunywa chai. Sasa kila mchezaji ana mchoro wake, na vizibo vya soda tunavyochezea vimevikwa pagne ileile, na hata ukifumba jicho moja hukosei. Ya Mamie aliitazama kazi hiyo muda mrefu, kisha akasema, "Ah bon. Sasa minye njo nitakuwa nafagia kwako." Nimeandika maneno hayo nyuma ya mlango.

Ilibaki kadi ya Délestage. Ya Mamie akasema tusirudie weusi, tuweke uso, kwa sababu uso mtu anausoma hata kwa mwanga wa kiberiti. Na mimi sijui kuchora uso bila kumtazama mtu, na mtu pekee anayetulia nyumbani kwetu ni baba, ambaye akirudi kutoka kazini mchana hukaa kwenye kiti chake na kulala dakika ileile. Basi nilimchora baba amelala, kisha nikamfungua macho kwa kichwa changu, nikamvika kofia ya kazi. Na nikamwekea masharubu yake. Maman, hujayaona masharubu ya baba yangu. Ni mapana, yamepinda juu pande zote mbili kama usukani wa baiskeli, yumo nayo kwenye picha ya harusi, na Krismasi mama huyachana kwa kitana chake mwenyewe.

Hapa sasa ndipo penye kidonda. Baba yangu, Déogratias, anafanya kazi kwenye kabini ya umeme ya mtaa wetu. Wakubwa wakipiga simu waseme kata, yeye ndiye anayekata. Wakisema rudisha, yeye ndiye anayerudisha. Naapa kwamba sikumchora kwa sababu hiyo, nilimchora kwa sababu alikuwa amelala! Lakini tulipocheza mara ya kwanza na kadi mpya, Papa Alphonse alivuta Délestage, akaisogeza karibu na mshumaa, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Déo! Déo njo huyu! Ata mu muchezo unanikata?"

Tulicheka sote, mama pia. Nilifurahi, kwa sababu uso ulisomeka kwenye giza, nami nilikuwa nafikiria kazi tu. Lakini toka siku hiyo mtaa wetu hausemi tena kadi ya Délestage, unasema kadi ya Papa Déo. Watu wanakuja kucheza kwetu wakati baba yuko zamu, wanapiga meza na kusema, "Papa Déo, usinitokee leo!" Na anapopita njiani kurudi nyumbani vijana wanajifanya kufunika vitu vyao, mmoja anafunika simu, mwingine anafunika sahani ya maharagwe, na kucheka. Yeye anadhani ni mambo ya siku zote, kwa sababu watu wamezoea kumwuliza, "Papa Déo, leo utatukata saa ngapi?" naye hujibu jibu lake lilelile, taratibu, "Minye ni mukono tu. Kichwa iko mbali." Halafu anaingia ndani, anavua viatu, ananiuliza masomo yamekwendaje.

Yeye peke yake katika mtaa mzima hajawahi kucheza mchezo wangu. Kila nikitaka kumwalika naogopa atavuta kadi ile.

Na wiki jana likatokea jambo ambalo silielewi. Ya Mamie alinipa karatasi ya majaribio yenye uso wa kadi ile umekuzwa, ili nitazame mistari ya masharubu kwa karibu. Niliiacha mezani chini ya sahani, na niliporudi toka shule niliikuta mezani chini ya sahani, na baba alikuwa amekwisha kula. Sijui kama aliiona. Asubuhi yake akatoka chumbani akiwa hana masharubu.

Mama alipiga yowe. "Yesu! Nani huyu mu nyumba yangu?"

"Ni minye, mama."

"Na bile bintu bya pa midomo biko wapi?"

"Nilitosha na wembe. Joto, mama. Masharubu inaleta joto."

Kisha akavaa pulova yake, akajifunga shali shingoni na kwenda kazini. Mama alikaa kitini akasema kwamba ameolewa na mtu mwingine bila mahari. Bila masharubu baba anafanana na mtoto wa kwaya, Maman, ana mdomo mdogo ambao sikuwahi kuujua, na kila nikimtazama nataka kucheka na kulia. Papa Alphonse alipomwona alishusha haraka kioo chake cha kuchomelea ingawa hakukuwa na umeme wa kuchomelea, mabega yakatikisika, na jioni akanivuta pembeni akaniuliza, "Sasa mutoto, kadi yetu itafanana na nani?"

Na sasa ona jinsi mambo yalivyobana. Tarehe 29 ni kermesse, sherehe ya michezo na mauzo ya parokia. Sœur Hélène ameuchukua mchezo wangu uwe na meza yake kwenye kermesse, anatangaza kwa kila mtu, na amemwomba baba yangu, kwa kuwa ni mtu wa umeme, afungue mchezo mbele ya parokia nzima kwa kuvuta kadi ya kwanza. Baba amekubali! Alisema, "Kama ni kazi ya mutoto yangu, nitakuwa pale." Ya Mamie atachapa masanduku kumi Jumamosi ijayo tarehe 21, na amesema kama kermesse ikienda vizuri atanichukua likizo nzima nijifunze kazi kabisa, na ubavuni mwa sanduku ataandika jina langu kama infographiste, kwa herufi ndogo, lakini zenye nafasi ya kupumua. Nimejaribu kuondoa masharubu kwenye kadi ili ifanane na baba wa sasa, na Jenny akaitazama kwa mshumaa akauliza, "Huyu ni nani, ni padre?" Uso haukusomeka. Nimejaribu kuchora uso mwingine wa uongo, nao ulikuwa kama kiazi. Kadi nzuri ni ile ya baba, na kadi ya baba inamfanya achekwe, nami nataka mchezo wangu uwe mzuri, nataka sana, na nampenda baba yangu kuliko mchezo, lakini nimeona kwamba kuandika sentensi hiyo ni rahisi kuliko kuitenda.

Basi, Maman Élisabeth, je, nibadilishe uso wa kadi au niuache, na kama nikiuacha, nitamwambia nini baba yangu kabla hajaivuta mbele ya watu? Nijibu upesi, kwa barua ya kurudi kama inawezekana, maana kisu kitapita Jumamosi.

Mimi,
Mwenye Kadi, Kikula

*

Jibu la Maman Élisabeth

Binti yangu Mwenye Kadi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka na mara ya pili nikiwa nimevaa miwani na kukunja uso, na uso huo ndio unaokujibu.

Kwanza habari ya jina. Uliomba nilifiche, nami nimelificha. Lakini umeniandikia Kikula, umeniandikia cherehani, kabini ya umeme, jina la baba, na masharubu kama usukani wa baiskeli. Ningesoma hayo hewani, hata mbuzi wa mtaa wenu wangekuja kukupongeza. Ndiyo maana jibu hili nimelikunja na kumpa Sœur Hélène akupe mkononi, na redioni litasomwa baada ya kermesse, tena siku ambayo baba yako mwenyewe ataniletea ruhusa. Siku nyingine ukitaka kujificha, binti yangu, usijifiche nyuma ya kitambaa cha dirisha ukiwa umewasha taa.

Pili, pokea pongezi zangu, maana unastahili. Wapo watu wazima waliopewa ofisi na viyoyozi ambao hawajawahi kujiuliza kazi yao itatumiwa katika mwanga gani. Wewe umejiuliza, ukainama sakafuni kwa mama yako ukaokota jibu. Huyo Ya Mamie usimwache.

Sasa nakukaripia. Umetazama herufi mpaka umesahau kutazama watu. Umeona KARIBUNI iliyobanwa juu ya altare, lakini hukuona baba yako anavyobanwa njiani kila siku na vijana wanaofunika maharagwe. Mzaha ambao mwenyewe anaalikwa kuucheka ni mzaha. Mzaha unaochezwa akiwa zamu ni masengenyo, hata kama umechapwa vizuri. Mama yako naye alicheka, na Papa Alphonse anacheka ndani ya kioo chake, lakini wao hawakuniandikia, umeandika wewe, kwa hiyo karipio ni lako, wagawie utakapopenda.

Na tena, unasema kuna jambo hulielewi. Binti yangu! Tuko mwezi wa sita. Likasi nzima inaamka imejikunyata, mimi nakuandikia nikiwa na soksi mbili, na baba yako ananyoa masharubu ya harusi yake akisema ni joto, kisha anavaa pulova na shali na kutoka. Wewe ambaye unaona upana wa uzi kati ya herufi mbili, hilo hukuliona?

Aliiona karatasi. Aliinua sahani, akaiona, akairudisha kama alivyoikuta. Angeweza kukuita akagomba. Angeweza kumwambia Sœur Hélène kwamba tarehe 29 yuko zamu. Badala yake alikubali kuja, akaenda mbele ya kioo akaondoa kitu ambacho mkewe wa miaka yote humchania Krismasi. Alikiondoa ili parokia ikitazama kadi na kumtazama yeye isione mtu mmoja. Alitaka mchezo wako ubaki na kadi yake nzuri, na wewe usipate aibu mbele ya watu. Aliamua uso utakaobadilika uwe wake, si wa kadi yako. Na wewe ukakaa na kompyuta kujaribu kuondoa masharubu kwenye kadi, wakati yeye ameyaondoa mdomoni ili yabaki kwenye kadi. Nyinyi wawili mnapendana sana, lakini mnapendana kama watu wanaopishana kwenye korido umeme umekatika.

Basi sikiliza utakalofanya, na usibishane nami.

Kadi usiibadilishe. Leo hii, baba yako akishakula na kabla hajalala kitini, weka ubao mezani mbele yake. Usianze na samahani ndefu. Mwambie, "Baba, mtaa mzima umecheza isipokuwa wewe, na hilo ni kosa langu." Inatosha. Kisha mpe kadi zote azichanganye yeye, kwa mikono yake, na mcheze. Atakapoivuta kadi yake, maana ataivuta, nyamaza. Usicheke kabla yake, usilie kabla yake. Mwache aitazame kwa muda anaotaka, halafu mwulize swali ambalo fundi humwuliza mtu aliyemchora: "Baba, unakubali?" Akisema hapana, utachora kiazi, na kiazi hicho utakichapa kwa heshima zote. Lakini mimi namjua mwanaume wa aina hiyo, nimeolewa na mmoja, na sidhani kwamba utachora kiazi.

Bado kuna kazi nyingine, na hii ndiyo kubwa. Umenieleza kwa urefu uso wa kadi ya Délestage. Kadi ya Courant, ile ya furaha, ile ambayo watu wote wanapiga kelele, hukuniambia ina picha gani. Nadhani umeweka taa, au jua, au kitu cha namna hiyo. Ifute. Kwani wakubwa wakipiga simu waseme rudisha, nani anarudisha? Umeandika mwenyewe, halafu ukalipita. Umemchora mtu mmoja katika nusu ya kazi yake, tena nusu ile anayotukanwa nayo. Yeye anasema kila siku kwamba ni mkono tu. Basi mwombe akupe huo mkono. Aukunjue mezani, uuchore vile ulivyo, na kovu kama lina kovu, na uuweke kwenye kadi ya Courant, ukiwa juu ya kile anachokishika kabini anaporudisha umeme. Mwulize kinaitwaje na kinashikwaje, maana wewe hujui na mimi sijui. Uso unakata, mkono unarudisha. Mtaa ukipiga kelele ya furaha, upige kelele kwa ajili ya mtu yuleyule.

Kisha nenda kwa Ya Mamie na kadi zote mbili kabla ya Jumamosi, uache rangi ya ziada nje ya mstari wa kukatia. Papa Alphonse mwambie kutoka kwangu kwamba tarehe 29 nitakuja kermesse na nitakaa karibu naye, na nina sauti, na yeye ndiye atakayerudi nguzo mbili nyuma.

Mama yako mwambie avumilie. Masharubu yataota tena kabla ya Krismasi, na kitana chake kitapata kazi. Kadi ikishakatwa haioti. Nenda sasa, baba yako anakula.